Ndoto Niliyoiongezea Damu

Busia, mchana wa kuamkia safari yako

Nekesa mwanangu,

Umekwenda Bulumbi kumuaga mama yako mdogo, na najua hawezi kukuachia kabla ya jua kuanza kushuka. Nina saa tatu hivi za kukaa peke yangu kwenye meza ya cherehani. Mlango wa duka nimeufunga nusu ili wateja wadhani nimetoka. Mambo ya blanketi, chandarua na namba za simu za watu wa Mbarara tumeshayamaliza, sitayarudia hapa.

Jumapili ulisimama mbele ya kanisa kushukuru, ukasema unamwomba Mungu akupe imani kama ya mama yako. Watu walipiga makofi. Mimi niliinamisha kichwa, na waliokaa karibu nami walidhani nalia. Sikuwa nalia. Nilikuwa nawaza kwamba katika maisha yangu nimekuwa na imani mara mbili, na ile ya kwanza ilimfukuza mtu nyumbani kwake. Unayoijua wewe ni ya pili. Ile ya kwanza kwa nje haina tofauti kubwa na hii, tena ina sauti nzuri zaidi. Utaikuta huko chuoni Mbarara, pengine wiki ya kwanza. Ndiyo maana nimeona nikuandikie.

Mtu niliyemfukuza ni Kukhu Nabwire.

Unamwita Kukhu, bibi yako, na ndivyo alivyo: dada wa marehemu babu yako, shangazi wa baba yako. Unadhani amekuwepo pale nyumbani kwetu Masaba siku zote, kwenye ile nyumba ndogo nyuma ya migomba. Hakuwepo. Kuna miaka karibu mitatu ambayo hakuwepo, na ulikuwa mdogo mno kuikumbuka.

Mimi nilifika Masaba nikiwa na miaka ishirini, binti wa Kijopadhola kutoka Tororo nisiyejua neno la Kisamia. Baba yako Wandera naye hakujua lugha yangu. Tulikutana kwa Kiswahili cha mpakani, tukaoana kwa hicho hicho, na ndicho tulichowalea nacho. Wandera wakati ule alikuwa anavusha abiria kwa baiskeli kati ya Uganda na Kenya. Aliondoka mapema, akarudi amechoka. Niliyeshinda naye nyumbani alikuwa Nabwire. Alikuwa ameolewa ng'ambo, Kenya, mume akafa, watoto hakubahatika kupata, akarudi kwao. Yeye ndiye aliyenifundisha Kisamia, na namna ya kupika mboga za huku. Aliniita mwanangu kabla mtu mwingine yeyote hajaniita hivyo katika ile familia.

Mwaka wa kwanza wa ndoa niliokoka, kwenye mkutano wa injili uliofanyika uwanjani hapa mjini. Siudharau ule wokovu. Nililia kweli, na kuna kitu kiliingia kweli. Lakini tazama kilichobadilika. Niliacha hereni. Niliacha kucheza ngoma kwenye matanga. Nilirefusha sketi zangu zote. Nilifunga kula siku tatu kwa wiki, na baada ya miaka miwili nilikuwa naongoza kikundi cha maombi cha wanawake, na sauti yangu ilisikika mpaka barabarani. Nilijua kukemea mapepo. Baba yako akirudi na miguu imevimba, sikujua kumwambia pole. Nilikuwa na neno kwa kila aliyekosea, na niliona neno hilo ndiyo nuru niliyopewa.

Kaka yako Egesa alizaliwa mzito na mwenye kucheka. Alipokaribia mwaka mmoja ndipo maumivu yalipoanza. Alilia akishika miguu, macho yakawa ya njano, homa zikaja na kuondoka. Tulimpeleka kwenye zahanati, tukapewa dawa za malaria. Akapata nafuu, akaanguka tena. Iliendelea hivyo miaka mitatu. Nabwire alimkanda miguu kwa mafuta ya vuguvugu, akamfulia nguo, akamchemshia uji mwepesi. Mimi nilikuwa naomba. Sisemi kwamba kuomba kulikuwa vibaya. Nasema kwamba mikono iliyokuwa juu ya mtoto saa nyingi ilikuwa ya kwake.

Egesa alifariki akiwa na miaka minne, asubuhi, njiani kuelekea zahanati, mgongoni mwa Nabwire. Nilikuwa natembea nyuma yao nimekubeba wewe. Niliona kichwa chake kimelala upande ambao si wa usingizi.

Siku chache baada ya mazishi nililala mchana, nikaota. Katika ndoto nilimwona Nabwire amesimama uani ameshika shati la Egesa. Basi. Hiyo ndiyo ndoto yote. Alikuwa ameshika shati la Egesa karibu kila siku ya maisha ya yule mtoto, kwa sababu ndiye aliyelifua.

Kikundi cha maombi kilikuja kunifariji. Tuliomba, na mwanamke mmoja akasema anahisi kuna mkono wa mtu katika boma letu. Wote wakanitazama mimi. Nikawasimulia ndoto. Nilipofika kwenye shati, nikaona haitoshi. Nikasema lilikuwa na damu.

Damu haikuwepo kwenye ndoto, Nekesa. Niliiweka mwenyewe, mdomo ukiwa wazi, na nilijua naiweka. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Sikumchukia. Nadhani nilikuwa siwezi kukaa na kifo kisicho na mwenyewe. Nilitaka kiwe cha mtu fulani, na yeye alikuwa karibu. Hana mtoto, hana mume, mtoto amefia mgongoni kwake. Hata jina lake, ambalo kwa Kisamia ni la mtu aliyezaliwa usiku, nililigeuza kuwa ushahidi. Nililisema kwa sauti mbele ya watu: mnadhani kwa nini anaitwa Nabwire?

Walikuja adhuhuri ya Jumamosi, wanawake wanaimba mapambio na vijana wamewatangulia. Waliezua mabati ya nyumba yake. Baba yako alisimama kwenye mlango wetu amewapa mgongo. Nabwire alitoka na beseni lenye nguo zake. Hakupiga kelele wala kuapa. Alipita mbele yangu, akasimama, akaniambia, "Mama Egesa, uji wa Nekesa uko kwenye chupa ya chai. Usimpe kabla haujapoa."

Kisha akaenda barabarani, akapanda boda ya kwenda mpakani.

Nilikupa ule uji. Ulikuwa mzuri.

Baada ya hapo heshima yangu iliongezeka. Wanawake walitoka hata upande wa Tororo kuja kuombewa. Wakinisimulia ndoto zao, nilizifasiri. Sijui niliharibu nyumba ngapi nyingine. Zile ninazozijua nimezitembelea. Nyumbani baba yako alizidi kupunguza maneno kila mwezi. Nilisema shetani anampiga vita.

Mdogo wako Ajambo alipofikisha miezi saba, viganja vyake na nyayo zake vilivimba kama mkate. Niliiweka mikono yangu juu yake nikaanza kukemea. Baba yako alimtoa mikononi mwangu, akamfunga kwenye shuka, akasema, "Huyu anakwenda Tororo hospitali. Ukitaka kuomba, ombea kwa njia."

Muuguzi aliyetupokea alikuwa mama wa makamo. Walimtoa Ajambo damu. Siku ya majibu muuguzi alitukalisha kwenye benchi, akageuza karatasi, akachora miduara upande wa nyuma.

"Hii ugonjwa inaitwa selimundu. Huku watu wanasema siko," alisema. "Inatoka kwa damu ya baba na damu ya mama. Wote wawili. Mmoja peke yake hawezi kumpa mtoto. Nyinyi mnaibeba na hamuumwi, mtoto akichukua kwa huyu na kwa huyu, anaumwa."

Akatuuliza kama tulikuwa na mtoto mwingine aliyeumwa hivyo.

Baba yako alisema, "Alikuwako."

"Miguu ilikuwa inamuuma? Macho njano?"

"Ndiyo."

"Pole sana," muuguzi akasema. "Hakuna mtu aliwaletea. Msitafute mtu."

Alisema lile la mwisho kama kitu anachokisema kila siku, na nadhani alikuwa anakisema kila siku. Hakujua alikuwa anaongea na nani.

Watu hushuhudia kanisani kwamba nuru ya Kristo iliwaingia na wakajisikia wepesi. Siwezi kuwabishia, kila mtu na lake. Mimi iliniingia kwenye lile benchi, na haikunipa wepesi wowote. Ilinionyesha tu vitu vilipo. Kifo cha mwanangu kilikuwa ndani ya damu yangu mwenyewe. Damu ya kwenye shati niliitunga. Mwanamke aliyempenda mwanangu kuliko mtu yeyote, nje ya mimi na baba yake, alikuwa anaishi mahali nisipopajua kwa sababu yangu. Nilikuwa nimeokoka wakati haya yote yanatendeka, nimefunga kula, nimevaa sketi ndefu.

Jioni ile niliongoza maombi ya nyumbani kama kawaida. Tulipofika kwenye ile sala ambayo hata watoto wanaijua, mahali pa kuomba msamaha, niliishia hapo. Baba yako aliimalizia peke yake. Tulipobaki wawili aliniambia, "Siku ile nilijua si yeye. Nilinyamaza kwa sababu na mimi nilitaka apatikane mtu wa kulaumiwa." Hilo ndilo kosa lake, na ameniruhusu nikuandikie.

Nilikwenda kwa mchungaji wa wakati ule, nikamweleza yote isipokuwa damu. Alisikiliza vizuri. Akasema Mungu ameshanisamehe, na kwamba nikiyasema hadharani nitawaangusha wachanga wa imani. Niliupenda sana ushauri huo. Niliushika wiki mbili. Lakini kila nilipomkanda Ajambo miguu nilijua mikono ninayoiiga ni ya nani.

Mwishowe nilivuka mpaka kwa miguu nikamtafuta. Nilimpata kwenye kijiji kilicho mbele kidogo ya Busia ya Kenya, kwa jamaa za marehemu mume wake. Alikuwa amekaa kivulini ukutani anabambua karanga, ungo mapajani. Alikuwa amekonda. Nilipiga magoti kama wake wa kwetu wanavyofanya mbele ya wakubwa.

"Umekuja na nani?" aliniuliza.

"Peke yangu."

"Nekesa anaendeleaje?"

"Ni mzima. Anaongea sana."

Akaendelea kubambua. Nikamweleza kuhusu Ajambo, muuguzi na miduara kwenye karatasi. Nikamweleza ndoto jinsi ilivyokuwa, halafu jinsi nilivyoisema.

"Hiyo damu," akasema, "uliiona?"

"Hapana."

"Uliiweka."

"Niliiweka, mama."

Ndipo akauweka ungo chini. Hakuniangalia. Alisema, "Nimekaa hapa miaka mitatu kasoro nikijiuliza kama mtu anaweza kuwa mchawi bila kujijua. Watu wote wale hawawezi kukosea, nilisema. Kuna watoto katika boma hili. Wakinijia nawafukuza, naogopa kuwabeba."

Nimeishi na maneno hayo kila siku tangu hapo. Kumfukuza mtu nyumbani nilikuwa nimeshajihukumu kwa hilo. Hili la kumfanya ajiogope mwenyewe sikuwa nimelijua.

Nilianza kuomba msamaha. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Hayo umemwambia nani mwingine?"

"Mchungaji. Lakini damu sikumwambia."

"Na wale waliokuja na nyimbo?"

"Bado."

"Basi kazi yako haiko hapa. Nenda kwa wale uliowaambia kwanza."

Jumapili iliyofuata, wakati wa ushuhuda, nilisimama. Niliongea muda mfupi. Nilisema mtoto wangu aliuawa na ugonjwa, ugonjwa ulitoka kwangu na kwa mume wangu, na kwamba nilidanganya kuhusu ndoto. Nililitaja jina la Nabwire mara tatu ili asiwepo wa kusema hakusikia. Kisha mwanamke mmoja wa kikundi changu, Mama Sikuku, alisimama akasema, "Na sisi je? Sisi tulifunga kula kwa ajili ya ndoto yako. Watoto wetu ndio walioezua mabati. Dhambi yetu tuipeleke wapi?"

Alikuwa na haki. Kikundi kilivunjika mwezi ule. Wengine walisema Nabwire ameniloga niseme vile. Wengine hawakunisalimia kwa miaka. Lakini Jumanne alikuja kijana mmoja wa wale walioezua, amebeba nyundo na misumari kwenye mfuko, akamuuliza baba yako mabati yako wapi. Walifanya kazi siku mbili. Wengine hawakuja kamwe.

Nabwire alirudi baada ya miezi minne. Hakuleta habari kwamba anakuja. Nilimwona tu anafagia mbele ya mlango wake. Usifikiri tulikumbatiana. Nilimpelekea uji, akaupokea kwa mikono miwili kama desturi inavyotaka, kisha akawamwagia kuku nikiwa bado nimesimama pale. Kesho yake nikampelekea tena. Alipika chake na kula chake zaidi ya mwaka mzima. Ajambo akitambaa kuelekea kwake, aliingia ndani na kufunga mlango. Hilo lilikuwa gumu kuliko uji.

Siku moja nilitoka hapa dukani nikamkuta Ajambo mapajani kwake. Maumivu yalikuwa yamemshika mtoto ghafla, baba yako yuko shambani, na wewe ndiye uliyekwenda kumgongea Kukhu mlango. Ulikuwa na miaka mitano. Alikuwa anamkanda miguu. Aliniona akasema, "Maji hayajamtosha. Lete mengine." Nikaleta.

Umeniuliza wakati fulani kwa nini dukani kwangu hakuna udaku, wakati maduka yote ya ushonaji yanaishi kwa udaku. Ni kwa sababu hii. Mteja akianza kunieleza habari ya mtu asiyekuwepo, namuuliza kama amemuuliza mwenyewe. Wengi wanahamia kwa fundi mwingine. Nikiota ndoto, nainuka nafanya kazi. Mtoto akiumwa, kwanza hospitali, na njiani naomba, kwa sauti ndogo. Nikisimulia jambo, nasimama kabla ya mwisho nijipime kama kuna kitu nimeongeza. Mara nyingi kipo. Mwaka juzi nilimshutumu binti anayenisaidia kushona kwamba amechukua mkasi wangu mkubwa, na nilikuwa na uhakika, na nikaongeza kwamba nilimwona akiufunika kwa kitambaa. Sikumwona. Mkasi ulikuwa kwa baba yako. Nilimwomba radhi mbele ya wateja wale wale waliosikia. Kwa hiyo usifikiri ule ulimi umekufa. Ninaamka nao.

Sijui kama haya ndiyo yanayoitwa kubadilishwa na Kristo. Sioni kitu kikubwa. Naona mambo madogo ambayo mtu wa nje hawezi kuyashangilia, na yanatakiwa kufanywa upya kila asubuhi. Zamani nilimtumia Mungu kuwaangalia wengine. Siku hizi nikiomba, muda mwingi naangaliwa mimi, na nimezoea. Kuna amani ndani yake, ila ilichelewa kuja, na haina kelele.

Jana nilikwenda kwa Kukhu kumwomba ruhusa ya kukuandikia. Alikuwa anachagua maharagwe.

"Mwambie," alisema. "Ni mtu mzima sasa. Lakini usinifanye mtakatifu. Usimwambie kwamba nilikusamehe siku moja. Jumatatu nilikuwa nakusamehe, Jumanne naacha. Mwambie hivyo."

"Na leo, mama?"

"Leo ni Ijumaa," akasema. "Nishikie huu ungo."

Kesho asubuhi nitakuwa jikoni kabla hujaamka. Ukitaka kuniuliza jambo, uliza, mbele ya baba yako au tukiwa wawili. Ukiona huwezi kunitazama, panda basi bila kunitazama. Sitakushika mkono kwa nguvu wala kulia barabarani. Ukinyamaza mpaka mwisho wa muhula nitajua unafikiri. Kukhu alichukua mwaka na zaidi, na muda ule ulikuwa wake, haukuwa wangu kuufupisha. Wa kwako nao ni wako.

Mama yako,
Athieno